Kusoma na kujibu Gmail bila mtandao kwa kutumia Thunderbird

Ukifungua Gmail kwenye kivinjari, barua zako zinabaki kwenye seva za Google na wewe unaletewa moja moja kadiri unavyobofya. Mtandao ukikata, hata barua uliyoisoma asubuhi inagoma kufunguka. Mwenye faiba nyumbani anaweza asilijali hilo. Lakini yupo anayeshinda kwenye basi kutoka Dar es Salaam hadi Songea, yupo anayevuka Nyamisati kwenda Mafia, na wapo wengi wanaonunua bando la siku kwa kubana. Na faiba yenyewe inategemea nyaya za chini ya bahari. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani, na mwenye ofa ya mteja aliyoihifadhi Gmail peke yake akabaki anatazama duara linalozunguka.

Dawa yake ipo tangu kabla Gmail haijazaliwa: programu ya barua pepe inayokaa ndani ya kompyuta. Inapakua barua ukiwa na mtandao, inakuachia uzisome, uzitafute, uzijibu na uzipange mtandao usipokuwepo, kisha ukiunganishwa tena inapeleka yote uliyoyafanya. Hapa natumia Thunderbird. Ni ya bure, inakubali Windows, macOS na Linux, na toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, kwa hiyo matatizo yake mengi yameshajulikana na yana majibu. Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili usitafute kitufe ambacho hakipo.

Kabla ya kwenda mbali: Gmail yenyewe ina njia yake ya kufanya kazi bila mtandao. Fungua Gmail kwenye Chrome, nenda kwenye mipangilio yote, kisha sehemu ya "Offline", uchague kuhifadhi barua za siku 7, 30 au 90. Kama kompyuta ni yako peke yako, una akaunti moja tu na barua za miezi mitatu zinakutosha, tumia hiyo na kazi imekwisha. Thunderbird inakufaa ukitaka barua za miaka, ukiwa na akaunti mbili tatu (ya kwako, ya ofisi, ya kikundi), au ukitaka kuamua mwenyewe kipi kipakuliwe na kipi kisubiri.

IMAP au POP

Wakati wa kuweka akaunti utaulizwa uchague kati ya IMAP na POP3. POP hufanya kazi kama mtu anayekwenda kwenye sanduku lake la posta: anafungua, anachukua barua, anarudi nazo nyumbani. Inashughulika na Inbox tu, na usipoiambia iache nakala kwenye seva inaweza kuondoka nazo zote. IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986 akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, inaacha barua kwenye seva na kuhakikisha kompyuta, simu na kivinjari vyote vinaona hali ileile. Ukisoma barua kwenye laptopu, kwenye simu nako inaonekana imesomwa.

Chagua IMAP. Sababu ya kuchagua POP leo ni chache mno, na mojawapo, ya kutaka nakala isiyoguswa na mtu, ina njia bora zaidi ambayo nitaifikia.

Ila IMAP ina tabia moja inayowaponza watu. Kwa kuwa pande zote mbili zinafuatana, ukifuta barua kwenye laptopu imefutika na kwa Google. Mtu anaona diski imejaa, anachagua barua elfu mbili za zamani ndani ya Thunderbird, anabonyeza Delete akidhani anapunguza mzigo wa laptopu tu, jioni anashangaa simu nayo haina kitu. Gmail huziweka barua zilizofutwa kwenye pipa lake kwa siku 30, kwa hiyo ukigundua mapema unaziokoa. Ukigundua mwezi wa pili, hakuna cha kuokoa.

Weka akaunti, lakini usiiache ianze kupakua

Kwanza pima mzigo. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, inayogawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos. Ingia one.google.com/storage uone Gmail pekee imekula kiasi gani. Ukikuta MB 400, soma sehemu hii haraka haraka. Ukikuta GB 6, isome taratibu, kwa sababu Thunderbird mpya ina desturi ya kuanza kupakua barua za folda zote, tangu ya kwanza uliyowahi kupokea, dakika ileile akaunti inapokubalika. Bando la GB 2 litaisha hujanywa chai.

Pakua Thunderbird kutoka thunderbird.net, tovuti yake rasmi, na si kwenye tovuti yoyote nyingine inayotokea kwenye matangazo. Isakinishe na uifungue. Kisha:

1. Andika jina lako, anwani ya Gmail, na ubofye kuendelea. Thunderbird inaijua Gmail na itajaza yenyewe: imap.gmail.com kwa mlango ("port") 993 wa kupokea, smtp.gmail.com kwa mlango 465 wa kutuma. Hakikisha imechaguliwa IMAP.

2. Dirisha la Google litafunguka. Andika nenosiri lako humo, pitisha uthibitisho wa hatua mbili kama unao, ukubali Thunderbird ifikie barua. Nenosiri lenyewe Thunderbird haipewi. Google inaipa kibali ambacho unaweza kukifuta wakati wowote. Google ilifunga njia ya zamani ya kuingiza nenosiri moja kwa moja mwaka 2022, kwa hiyo ukikutana na maelekezo yanayokwambia uwashe ruhusa ya programu zenye usalama mdogo, hayo yamepitwa na wakati.

3. Utaulizwa kama unataka pia vitabu vya anwani na kalenda. Kubali kitabu cha anwani. Utakapokuwa huna mtandao, hicho ndicho kitakachokukamilishia anwani ya mtu ukianza kuandika jina lake.

4. Ukimaliza tu, angalia kona ya chini kushoto ya dirisha. Kuna alama ndogo sana, ukipeleka kipanya juu yake inakwambia uko mtandaoni. Ibofye. Ikikuuliza kama ipakue barua kwanza, kataa. Sasa Thunderbird imekata mawasiliano, ingawa kompyuta yenyewe bado iko kwenye Wi-Fi, na wewe una nafasi ya kupanga mambo bila bando kuvuja.

Maelekezo ya zamani yatakwambia uingie Gmail kwanza kuwasha IMAP. Tangu Januari 2025 akaunti za kawaida hazihitaji tena, IMAP iko wazi muda wote. Akaunti za kazini au chuoni ni hadithi nyingine: msimamizi anaweza kuwa ameifunga, na hapo hakuna mpangilio wa upande wako utakaosaidia. Mwombe yeye.

Amua nini kipakuliwe

Bofya menyu ya mistari mitatu juu kulia, chagua "Account Settings", na chini ya akaunti yako ubofye "Synchronization & Storage". Ukurasa huu ndio moyo wa kazi nzima, na watu wengi hawajawahi kuufungua.

Juu kabisa kuna kisanduku chenye tiki: "Keep messages in all folders for this account on this computer". Tiki hiyo ndiyo inayoagiza folda zote zipakuliwe. Kama una nafasi na intaneti ya kutosha, iache. Kama huna, iondoe, kisha ubofye "Advanced" uone orodha ya folda, utie tiki zile unazozihitaji kweli. Kwa watu wengi Inbox na Sent Mail zinatosha, pamoja na folda mbili tatu za kazi. Folda ya matangazo iache ilipo.

Kwenye orodha hiyo utaona "All Mail". Hapa Gmail inatofautiana na wengine: haina folda hasa, ina lebo, na kila lebo inaonekana kwenye Thunderbird kama folda. Barua moja yenye lebo mbili itajitokeza kwenye folda mbili, na tena ndani ya All Mail. Ukiwa unabana nafasi, All Mail ni ya kwanza kuondolewa tiki. Tahadhari ni moja: barua ulizozihifadhi kwa kitufe cha Archive bila kuzipa lebo zinapatikana humo peke yake. Kama wewe ni mtu wa kuarkaivu kila kitu, ipime kabla ya kuiacha.

Chini ya kile kisanduku cha tiki ndipo unapochagua umri wa barua. "Synchronize all messages locally regardless of age" inamaanisha barua zote bila kujali ni za lini. "Synchronize the most recent" inakuruhusu kuandika mfano siku 60 au miezi 6. Anza na kipindi kifupi. Kuongeza baadaye ni rahisi.

Kuna pia "Don't download messages larger than". Nambari inayokuja nayo ni KB 50, na ukiitia tiki bila kubadilisha utakosa karibu kila barua yenye kiambatisho. Kumbuka faili likisafiri kwa barua pepe huongezeka uzito kwa zaidi ya theluthi kwa sababu ya jinsi linavyogeuzwa kuwa maandishi. PDF ya MB 3 inafika kama MB 4 na kidogo. Anayebana bando lakini anahitaji ankara na mikataba aweke KB 5000. Video za harusi zitabaki kwenye seva, karatasi za kazi zitashuka.

Sehemu ya chini kabisa ya ukurasa huo usiiguse. Inahusu kufuta barua za zamani, na maelezo yake yanasema wazi kwamba inafuta nakala za kwenye kompyuta na zile za kwenye seva pia. Iache kwenye "Don't delete any messages". Ukitaka nafasi kwenye diski, punguza umri wa barua hapo juu. Hilo halimgusi Google.

Jambo moja linalochanganya watu kuhusu mpangilio wa umri: hata ukiweka siku 30, Thunderbird bado itaorodhesha barua zote za folda, na mtumaji, kichwa cha habari na tarehe vitaonekana. Barua ya mwaka 2017 iko pale kwenye orodha, herufi zake nzito au nyepesi kama kawaida, na unaamini unayo. Ukiibofya ndani ya basi unakutana na ukurasa unaosema "Go Online to View This Message". Orodha ilishuka, maandishi yenyewe hayakushuka. Kwa mwenye Inbox ya barua makumi elfu, hata orodha peke yake ni mzigo; Gmail ina mpangilio kwenye "Forwarding and POP/IMAP" unaozuia folda za IMAP zisizidi barua 1,000, 2,000, 5,000 au 10,000, na simu na kivinjari havitaathirika.

Pakua, kisha jaribu ukiwa bado nyumbani

Rudi mtandaoni kwa kubofya tena ile alama ya kona ya chini kushoto. Kwenye Windows menyu ya juu huwa imefichwa. Bonyeza Alt itokee. Nenda "File", "Offline", "Download/Sync Now". Kidirisha kidogo kitakuja. Tia tiki "Mail messages" na bofya kuthibitisha. Chini ya dirisha utaona hesabu ikipanda, barua ya ngapi kati ya ngapi, na folda gani. Ikisimama kwa dakika kadhaa usiizime. Barua yenye kiambatisho kikubwa huifanya ionekane imelala.

Kama una GB nyingi, fanya kazi hii usiku kwenye Wi-Fi ya ofisi au ya mtu mkarimu, na si kwa simu. Kwa akaunti za Google Workspace, yaani zile za kazini au chuoni, kuna kikomo cha kupakua kwa IMAP cha MB 2,500 kwa siku, na anayekizidi anaweza kuzuiwa kwa muda. Gawa kazi kwa siku mbili au tatu: leo miezi 6, kesho mwaka.

Na zile barua chache za zamani unazozihitaji, kama tiketi, mkataba wa pango au barua ya udahili ya mwaka juzi? Usipakue mwaka mzima kwa ajili yake. Zitie nyota, kwenye simu au kwenye Thunderbird, maana nyota ni ileile. Kisha simama kwenye folda zilimo, nenda "File", "Offline", "Get Starred Messages". Zitashuka hizo tu, bila kujali umri ulioweka. Kwa barua moja moja, ichague na utumie "Get Selected Messages". Wengi hawajui kama menyu hii ipo, na kwangu ndiyo yenye faida kuliko zote kwa anayesafiri.

Sasa jaribio. Usiamini alama ya Thunderbird. Zima Wi-Fi ya kompyuta yenyewe, funga Thunderbird, ifungue upya. Fungua barua ya jana. Fungua ya wiki tatu zilizopita. Fungua kiambatisho, uone PDF inafunguka mpaka ukurasa wa mwisho. Bonyeza Ctrl+K utafute jina la mtu. Angalia na folda ya Sent, kwa sababu mara nyingi unachokihitaji njiani ni kile ulichomwandikia mtu, si alichokuandikia yeye. Kikikosekana kitu, washa Wi-Fi, bofya kulia folda husika, chagua "Properties", nenda "Synchronization", tia tiki ya kuichagua kwa matumizi nje ya mtandao na ubofye "Download Now".

Kuandika na kutuma ukiwa huna mtandao

Andika barua kama kawaida, ambatisha faili, kisha bofya kitufe cha kutuma. Ukiwa nje ya mtandao kitufe hicho kinageuka kuwa "Send Later", na barua inaingia kwenye "Outbox" iliyo chini ya "Local Folders", mwisho kabisa wa orodha ya kushoto. Hata ukiwa mtandaoni unaweza kuichelewesha kwa Ctrl+Shift+Enter. Faili linaingia ndani ya barua wakati huo huo, kwa hiyo ukirekebisha ile bajeti ya Excel baadaye, iliyoko Outbox itabaki ya zamani.

Kurekebisha barua iliyoko Outbox, bofya kulia uchague "Edit As New Message". Ukimaliza, rudi uangalie kama ya mwanzo bado imo, uifute. Vinginevyo mteja atapokea bei mbili.

Ukipata mtandao, Thunderbird itauliza kama ipeleke barua zinazosubiri. Isipouliza, nenda "File", "Send Unsent Messages". Kisha hakikisha Outbox imebaki tupu. Barua ikikwama humo, chunguza uzito kwanza: Gmail hairuhusu kutuma viambatisho vinavyozidi jumla ya MB 25.

Mambo mengine utakayoyafanya bila mtandao, kama kufuta, kuhamisha, kutia nyota au kutia alama ya kusomwa, yanawekwa kwenye foleni na yanapelekwa Gmail ukiunganishwa. Ila usihangaike kupanga folda hizo hizo kwenye simu na kwenye laptopu isiyo na mtandao kwa wakati mmoja. Pande mbili zikikutana zitasikilizana, lakini matokeo yanaweza yasiwe uliyoyataka.

Bando linapovujia

Akaunti ikishakaa sawa, kuna matundu matatu ya kuziba kwa anayetumia mtandao wa simu.

La kwanza liko "Server Settings" ya akaunti: kuangalia barua programu inapofunguliwa, kuangalia kila dakika 10, na kuruhusu seva itoe taarifa papo hapo. Ondoa tiki zote tatu. Kuanzia hapo barua zinakuja ukizifuata mwenyewe kwa "Get Messages".

La pili ni rasimu. Thunderbird huhifadhi rasimu yenyewe kila baada ya dakika chache, na rasimu hizo zinakwenda Gmail. Ukiandika barua ndefu yenye picha umeipakia mara tano kabla hujaituma. Nenda "Copies & Folders", na kwenye rasimu uchague "Local Folders". Zitabaki kwenye kompyuta.

La tatu ni nakala ya zilizotumwa. Gmail yenyewe huweka nakala ya kila barua inayopita kwake. Ukiona kwenye Sent kila barua iko mara mbili, Thunderbird nayo inapakia ya kwake: faili la MB 10 limekugharimu 20. Palepale "Copies & Folders", ondoa tiki ya "Place a copy in".

Picha za matangazo zinazoletwa kutoka kwenye tovuti za watu Thunderbird huzizuia yenyewe. Usibofye kuziruhusu kwa mazoea; ukiacha bando, zinamwambia aliyetuma kwamba umefungua barua.

Nakala ya akiba

Kwa kuwa IMAP hufuatana pande zote, kuwa na barua kwenye laptopu si sawa na kuwa na akiba. Akiba ya kweli ni "Local Folders". Bofya kulia hapo, tengeneza folda, labda "Akiba 2024", kisha chagua barua za mwaka huo na uzinakili humo kwa "Copy To". Tumia kunakili, usitumie kuhamisha. Zilizomo humo hazihusiani tena na Google. Akaunti ikifungwa au ikiibwa, hizo unabaki nazo.

Ukitaka kubeba kila kitu, nenda "Help", "Troubleshooting Information", tafuta mstari wa "Profile Folder" na ubofye kuifungua. Funga Thunderbird kabisa, kisha nakili folda hiyo nzima kwenye diski ya nje. Ina barua, anwani, na mipangilio yote.

Hapo hapo ujue hatari yake. Barua hizo kwenye diski hazijafungwa kwa siri. Ni mafaili ya maandishi ambayo yeyote aliyeshika laptopu anaweza kuyafungua kwa Notepad. "Primary Password" ya Thunderbird inalinda manenosiri na vibali vilivyohifadhiwa, hailindi barua. Kinacholinda barua ni kufunga diski nzima: BitLocker kwenye Windows Pro, FileVault kwenye Mac, na kwenye Linux huchaguliwa wakati wa kusakinisha. Laptopu ikiibwa, ingia akaunti yako ya Google kwa simu, nenda kwenye usalama, uondoe kifaa hicho na ufute kibali cha Thunderbird.

Ikigoma

Dirisha la Google linafunguka jeupe au linakurudisha mwanzo: mara nyingi vidakuzi ("cookies") vimezimwa. Fungua "Settings", "Privacy & Security", uruhusu vidakuzi, ujaribu tena.

Inalalamika kuhusu cheti cha usalama, kwenye laptopu ya zamani: angalia saa na tarehe. Betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta inaamka ikiamini ni mwaka 2010, na kwa mwaka huo cheti cha Google bado hakijaanza kazi. Rekebisha tarehe, kisha tafuta fundi abadilishe betri.

Utafutaji hauleti barua unayoijua ipo: haijapakuliwa, au Thunderbird bado inaandaa faharasa. Baada ya kupakua mara ya kwanza iache wazi kwa muda.

Kwa akaunti zisizo za Gmail, hatua ni hizo hizo. Yahoo inatumia imap.mail.yahoo.com kwa mlango 993 na smtp.mail.yahoo.com kwa 465. Outlook.com na Hotmail zinatumia outlook.office365.com kwa 993 na smtp-mail.outlook.com kwa 587, lakini ingia kwanza kwenye mipangilio ya Outlook.com, sehemu ya "Forwarding and IMAP", uwashe ruhusa. Na uthibitishaji lazima uwe OAuth2, yaani ile njia ya kibali badala ya nenosiri, kwa kuwa Microsoft ilifunga nenosiri la kawaida Septemba 2024. Barua ya ofisi yenye jina la kikoa chako, ile inayoishia na .co.tz au .or.ke, mara nyingi iko kwenye seva iitwayo mail ikifuatiwa na kikoa chako, milango 993 na 465, na jina la mtumiaji ni anwani nzima, si kipande cha kabla ya @. Ikikataa, muulize anayekuhudumia kikoa akupe mambo manne tu: jina la seva ya kupokea, la seva ya kutuma, milango yake, na aina ya uthibitishaji.